Dawa ya minyoo ya ng'ombe haiingii kwenye tangi la matumbawe

Kwa Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya wikendi kuhusu watu wa huku bara wanaofuga matumbawe nyumbani na mwanzoni nilifurahi sana, maana ni mara chache gazeti la Kiswahili linakumbuka kwamba Nakuru na Kisumu kuna watu wako na bahari kwenye sebule, maji ya chumvi, taa za buluu, pampu za mawimbi, kila kitu, na si kila mwenye tangi anafuga samaki wa maji baridi. Picha zilikuwa safi. Lakini nilipofika kwa ile aya ya wadudu nikaweka kikombe cha chai chini. Mwandishi wenu anasema ukiona wadudu kwenye matumbawe uende agroveti, ununue dawa ya minyoo ya ng'ombe, umimine kifuniko kimoja ndani ya tangi halafu ungoje. Basi. Hakuna kuuliza tangi ni la lita ngapi, hakuna kuuliza huyo mdudu ni yupi, hakuna kutoa kamba na kaa kwanza.

Mimi kazi yangu ni kuhudumia matangi ya watu, Nakuru zaidi na Kisumu saa zingine, na tangu hiyo makala itoke nimekuwa nikipata meseji za watu wakiuliza eti ni kifuniko cha chupa gani, ya lita ama ya nusu lita. Ndio maana naandika.

Nianze na hiyo dawa yenyewe, kwa sababu si uongo mtupu, kuna ukweli kidogo ndani yake na hapo ndipo hatari iko. Levamisole, ambayo iko kwenye dawa nyingi za minyoo ya mifugo, kweli wafugaji wa matumbawe wameitumia kuua ile minyoo bapa midogo ya rangi ya kutu inayotapakaa juu ya mawe na mchanga, watu huiita planaria nyekundu. Lakini planaria nyekundu hata hawali matumbawe, shida yao ni kwamba wakizidi wanalifunika tumbawe lisipate mwanga. Na miilini mwao wana sumu. Ukiwaua wote kwa mpigo ile sumu inatoka kwa maji wakati mmoja, samaki wanaanza kuhema juu juu, na asubuhi unawapata wamelala chini, halafu unalaumu dawa kumbe ni hizo maiti. Mtu anayejua hii kazi huwanyonya kwanza kwa mpira mwembamba, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka wabaki wachache, ndipo anaweka dawa kwa kipimo cha lita za tangi lake, anakaa hapo hapo akiangalia, na mkaa mpya wa chujio, ule wa kunyonya dawa na sumu kwenye maji, uko tayari mkononi pamoja na maji ya chumvi ya kubadilisha. Sasa ile ya agroveti mara nyingi sio levamisole peke yake, imechanganywa na dawa ya minyoo ya ini na rangi na vitu vya kuifanya iwe nzito. Imetengenezewa tumbo la ng'ombe. Nani amewahi kuipima kwa tumbawe?

Halafu kuna jambo la huku kwetu ambalo mtu wa Mombasa hawezi kulifikiria. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji ya huku juu hayashiki oksijeni nyingi kama ya pwani, ni mambo ya mgandamizo wa hewa tu. Kwa hivyo kitu chochote kinachooza ndani ya tangi kinakula oksijeni ambayo tayari ni kidogo, na kama stima itapotea usiku huo huo, na mnajua stima ya huku, samaki hawafiki asubuhi.

Mdudu anayemaliza watu pesa ni mwingine kabisa. Ni mnyoo bapa anayekula Acropora, yale matumbawe ya matawi ambayo watu hununua kwa bei ya mbuzi. Huyu wanasayansi walimpa jina rasmi mwaka wa 2011, na ni mwaka uliofuata ndipo ikaripotiwa mara ya kwanza kwamba ameonekana baharini, kule Great Barrier Reef ya Australia, yaani sisi watu wa matangi tulikuwa tunalia naye kabla hajaripotiwa porini. Ana rangi ya tumbawe analolila. Unaweza kukodolea macho tawi saa nzima na yuko hapo hapo mbele ya pua yako.

Namna ya kumpata ni hii. Chukua tawi uliweke kwenye bakuli jeupe lenye maji ya tangi, zima taa ya chumba, mulika kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Utaona vidoa vya mviringo vilivyopauka, karibu vyote saizi moja, vimejazana sehemu ya chini ya tawi kwenye kivuli. Hizo ni alama za kuuma. Sasa chukua bomba la sindano kubwa lisilo na sindano, vuta maji, puliza kwa nguvu kwenye hivyo vidoa. Kitu chembamba cha milimita chache, mkubwa kabisa karibu sentimita moja, kitang'oka na kuanza kujikunja kikielekea chini ya bakuli, na ukikiangalia juu ya ule weupe ndio unagundua kina umbo, kina mbele na nyuma. Halafu ligeuze tawi. Pale ambapo nyama imeisha na mfupa umebaki wazi, angalia kama kuna vitone vya kahawia vimebandikwa kwa mafungu. Hayo ni mayai, na hayo ndio kesi yote.

Kwa sababu mayai hayasikii dawa. Sio ya ng'ombe tu, hata zile za kuoshea matumbawe zinazouzwa kwa bei ya juu, zinaangusha minyoo lakini mayai yanabaki yamebandika pale pale, na yanaweza kuchukua hata wiki kama tatu kuanguliwa, maji yakiwa ya joto zaidi yanawahi. Kwa hivyo mtu aliyemimina dawa mara moja akaona minyoo imeanguka akasema nimemaliza, huyo amewapa watoto wao nyumba isiyo na wazee. Konokono wadogo weupe wasio na gamba wanaokula Montipora, aina nyingine ya tumbawe gumu, nao ni hivyo hivyo, wazazi wanakufa kwa kuoshwa na mayai yanabaki chini ya kipande.

Sasa ninachofanya mimi, na ndicho ningetaka mwandishi wenu angekiandika badala ya kifuniko. Tumbawe jipya haliingii kwa tangi kubwa. Halifiki hata kwa maji yake. Nina tangi dogo pembeni, la lita 40 hivi, lina hita, pampu ndogo na taa, halina mchanga wala mawe, na lina kikapu chake na koleo lake ambalo halivuki kwenda upande wa pili. Tumbawe likifika napanga ndoo tatu za maji ya tangi, ya kwanza na dawa ya kuoshea kwa kipimo cha lebo, ya pili na ya tatu maji matupu ya kusuuzia. Dakika ni zile lebo imesema, na muda wote huo napuliza na bomba kila upande, maana dawa inamlegeza mdudu lakini ni maji yanayomng'oa. Kile kitako kidogo ambacho kipande kimegandishwa juu yake nakivunja nakitupa, mayai hupenda kubandika hapo, na kipande nakigandisha kwenye kitako kipya. Mfupa wazi naukata ama naufunika na gundi ya matangi. Baada ya siku tano mpaka saba narudia tena, na tena, mpaka wiki sita zipite, na wiki za mwisho mbili sitaki kuona kitu chochote kwenye bakuli jeupe. Nikiona hata mmoja naanza kuhesabu upya.

Ndio, inachosha. Najua mtu ameagiza tumbawe lake pwani, limesafiri usiku kucha zaidi ya kilomita 600 kwenye kontena ya foma, anataka aliweke chini ya taa jioni hiyo aite majirani waone. Na limechoka kweli, kwa hivyo kwanza lizoeshe joto la maji ndipo uoshe, na hapa Nakuru ndoo inapoa haraka sana asubuhi, weka hita ndogo ndani ama utaliua na baridi halafu useme ni dawa.

Kuna kitu kingine kimenikera kidogo kwenye ile makala, mwandishi anahesabu kila tumbawe lililopauka kuwa limeliwa na wadudu. Hapana bwana. Visima vingi vya Nakuru vina floraidi na madini mengi, na maji ya mfereji ya Kisumu yanatoka ziwani yakitiwa klorini, na mtu akichanganya chumvi yake na maji hayo moja kwa moja bila kuyapitisha kwenye mashine ya kusafisha, matumbawe yanapauka bila mdudu hata mmoja. Taa mpya kali ikifungwa ghafla, yanapauka. Joto likipanda mchana wa Kisumu, yanapauka. Mdudu huacha alama, vidoa, mayai, njia. Ukikosa alama, pima maji yako kwanza kabla ya kwenda kutafuta sumu.

Na sio kila kinachotambaa ni adui. Nimepigiwa simu saa tano usiku mtu amepiga kelele kuna mnyoo wenye manyoya kwenye mwamba, ni yule mnyoo wa kawaida wa usiku anayekula mabaki ya chakula, mwache afanye kazi yake, usimshike tu bila glavu.

Adui wa kweli ambaye karibu kila tangi nililowahi kufungua linaye ni aiptasia. Hii ni anemoni ndogo ya kahawia inayopitisha mwanga, imesimama kama mnazi mdogo, na inachoma kila jirani. Makala yenu haikuitaja hata mara moja. Ukiigusa inajivuta ndani ya shimo lake, na ukiikwangua kwa kisu kila kipande kinachobaki kinaota kingine, nimekuta mtu amekwangua mwamba mzima kwa bidii yote na mwezi uliofuata ana shamba. Inayofanya kazi ni kuzima pampu zote maji yatulie, halafu na bomba uwekee mdomoni mwake uji mzito wa kalsiamu haidroksaidi safi, nasema safi, sio chokaa ya fundi wa kupaka ukuta, chache kwa siku kwa sababu hiyo kitu inapandisha pH ya maji, yaani inapunguza uchachu wake, na vaa glavu na miwani maana inachoma ngozi na macho. Kuna konokono wa bahari asiye na gamba anaitwa Berghia, yeye chakula chake ni aiptasia tu na zikiisha anakufa njaa, lakini sijaona mtu akimuuza Nakuru.

Watu wengi wanaambiwa wanunue kamba wa pepeminti. Sikilizeni hapa vizuri. Kamba wa pepeminti wa kweli anayekula aiptasia ni wa upande wa Atlantiki, kule Florida na Karibea. Huku Bahari ya Hindi kuna ndugu wa kufanana tu, ana mistari mieupe na myekundu pia, mgongo wake una nundu na macho yake ni makubwa, watu humwita kamba ngamia, na huyo anakula matumbawe yenyewe hasa yale laini. Kwa hivyo ukiuziwa kamba wa mistari na ukaambiwa ametoka pwani yetu hii, angalia mgongo kabla hujatoa pesa. Samaki kipepeo wa pwani yetu wengine wanakula aiptasia kweli, na wakimaliza wanahamia kwa matumbawe, kwa hivyo hapo umebadilisha mwizi na mwizi. Kuna samaki mwingine mdogo wa mistari sita, si kipepeo, huyo yuko sawa kwa kuokota minyoo bapa, atapunguza, hatamaliza, na akizeeka anakuwa mnyanyasaji wa wenzake, huyo mimi nampenda hivyo hivyo.

Jambo la hatari zaidi nimeliacha hapa katikati lakini lingepaswa kuwa na kisanduku chekundu kwenye ukurasa wenu. Makala inasema mwamba ukijaa wadudu uutoe uuchemshe kwenye sufuria. Jameni, hapana! Kuna yale matumbawe laini ya vitufe vya rangi, zoantidi na Palythoa, baadhi yao wana sumu inaitwa palitoksini, ni kati ya sumu kali zaidi zinazojulikana kutoka kwa viumbe. Ukichemsha mwamba wenye hayo sumu inatoka na mvuke na nyumba nzima inaivuta, na Ulaya na Marekani kumeripotiwa familia kulazwa hospitali kwa sababu ya hii hii, mtu alikuwa anasafisha mwamba tu. Usichemshe. Usiuoshe na maji moto. Usiusugue na mswaki ukiwa mkavu. Ukikata zoantidi vaa glavu na miwani, fanya chini ya maji, watoto wawe chumba kingine, na kama una kidonda mkononi ngoja kipone.

Kuhusu kununua, naongeza kidogo tu. Matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hivyo yakivuka mpaka lazima yawe na karatasi, na kutoa tumbawe ndani ya hifadhi kama Malindi, Watamu ama Kisite ni makosa ya kisheria. Yale ya bei rahisi yanayokuja kwenye ndoo bila karatasi, mbali na sheria, ndiyo huwa yamebeba abiria wengi zaidi, kaa, konokono, minyoo, mayai, kila mtu na mzigo wake. Mimi nauliza kipande kilikuzwa kwa tangi la nani na kimekaa hapo muda gani. Muuzaji mzuri hakasiriki ukimuuliza, na hata akiniambia ameosha, naosha tena.

Na maji ya kuoshea mnayamwaga wapi? Ng'ambo wengine huosha matumbawe kwa dawa ya wadudu ya bustani yenye imidaklopridi, ndani ya ndoo, sio ndani ya tangi, na inaangusha wadudu vizuri kwa sababu ndiyo kazi yake. Lakini inaua kamba na kaa pia, tone likibaki bila kusuuzwa umepoteza wote, na mimi siitumii kwa sababu nyingine, ziwa letu la Nakuru halina mto wa kutoka, chochote kinachoingia kinakaa. Maji ya chumvi nayo usimwagie sukuma wiki, itakauka wiki hiyo. Na kamwe usichukue kitu cha tangi, mdudu, mwani, samaki aliyekushinda, ukaenda nacho Mombasa likizoni eti unakirudisha nyumbani, hujui kilitoka bahari gani. Watu wa Kisumu gugumaji limewafundisha tayari, na kule Monako mwani wa matangi unaoitwa Caulerpa taxifolia ulionekana mwaka wa 1984 mbele ya jumba lao la makumbusho ya bahari kisha ukasambaa Mediterania.

Sasa kwa wale ambao walishamimina kifuniko kabla ya kuniandikia. Weka mkaa mpya wa chujio sasa hivi, mwingi, na uubadilishe kesho. Washa skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, na uongeze pampu ya hewa, kama una ile ya betri iweke karibu usiku. Badilisha robo ya maji kwa maji ya chumvi ya joto lile lile, kesho rudia. Nyonya minyoo yote iliyokufa unayoiona chini. Kamba na kaa walio hai wahamishe kwa ndoo ya maji mapya yenye hewa. Usiongeze dawa nyingine juu ya hiyo hata kama rafiki amekuambia inafanya kazi.

Mhariri, ombi langu ni masahihisho yatoke kwenye ukurasa ule ule wenye picha, sio kwenye kile kikona cha chini karibu na matangazo ya mashamba, na ile sentensi ya kuchemsha mwamba itajwe kwa jina lake. Mwandishi wenu akitaka kuja kuona namna inavyofanywa anakaribishwa, ndoo napanga Jumamosi asubuhi, aje na tochi na viatu vya kulowa.

Mfugaji wa matumbawe,
Section 58, Nakuru